Omena Hawavuliwi kwa Mbalamwezi

"Mpiga nyatiti hapewi mada."

Maneno hayo yalisemwa mjini Migori, katika kikao cha waandishi kumi na ushei, na mzee ninayemheshimu, mtu aliyesoma vitabu vingi kuliko sisi sote tuliokuwa pale. Nilikuwa ndiyo kwanza nimewapa vijana zoezi dogo: kila mmoja aandike ukurasa mmoja kuhusu mlango aliokatazwa kuufungua utotoni. Jaduong', ndivyo tunavyomwita mzee huyo, akasimama, akaegemea bakora yake, akasema kwa ule upole unaouma kuliko ukali kwamba huo ni mchezo wa watoto wa shule. Mtunzi wa kweli hungoja, alisema. Likimjia, huandika. Lisipomjia, hunyamaza, na kimya chake kina heshima. Kumpa mtu mzima kichocheo ni kumtafunia chakula. Kisha akamwita shahidi wake: mpiga nyatiti wa kwetu, anayeimba usiku kucha matangani bila karatasi, bila ubao, bila mwalimu wa kumwambia aanzie wapi.

Watu wakapiga makofi. Hata vijana wangu walipiga, na wawili wao wakafunga madaftari.

Madaftari hayo mawili ndiyo yanayoniandikisha makala haya. Nimeyasikia maneno ya Jaduong' Homa Bay, nimeyasikia Rongo na Oyugis, nimeyasikia katika vyumba vya walimu na mbele ya meza za uzinduzi wa vitabu. Yanasemwa na watu wema, na yanasikika kama sifa kwa sanaa. Lakini nimeona yanachofanya. Yanamkuta mtu aliyekuja na jambo zito kifuani, ambaye kalamu yake imegoma kwa wiki au kwa miaka, na yanamwambia kwamba kugoma huko ndiyo hukumu: hukuumbiwa kazi hii, nenda nyumbani.

Tuanze na huyo mpiga nyatiti. Ni shahidi mzuri sana, ila ameitwa upande usio wake.

Jathum, yaani mpiga nyatiti, huketi kwenye kigoda kifupi, ala yake ya nyuzi nane mbele yake, njuga za gara zikilia mguuni, na pete ya chuma iliyovikwa kidole gumba cha mguu ikigonga ala ili kutoa mdundo. Anaimba. Muda si muda mtu anainuka katikati ya watu, anakwenda mbele na noti mkononi, na muziki unakatwa. Hiyo ndiyo pakruok. Aliyetoa fedha amenunua kimya, na ndani ya kimya hicho anajisifu: yeye ni nani, mjukuu wa nani, ametokea kilima gani, mkewe ni binti wa ukoo upi, rafiki yake wa kufa na kuzikana yuko mji gani. Hasemi wazi, anasema kwa mafumbo, na watu wanacheka au wanaguna kwa kadiri fumbo lilivyokaa. Akimaliza, nyuzi zinalia tena, na sasa jathum hana budi kulichukua jina lile, kilima kile na rafiki yule, aviingize ndani ya wimbo uliokuwa unaendelea, pale pale, bila kuvunja mdundo. Hajakaa sawa, mwingine ameinuka na noti yake.

Niambieni hicho ni nini kama si kichocheo. Amepewa mada na mtu asiyemchagua, kwa wakati asioutaka, mbele ya umati unaojua mara moja kama amelipatia au amelikosa. Anakatizwa usiku kucha. Na ndani ya kukatizwa huko ndimo sifa yake ilimojengwa, kwa kuwa hakuna anayekwenda nyumbani akimsimulia jathum aliyeimba wimbo wake bila kuguswa. Husimuliwa yule aliyetupiwa fumbo gumu akalirudisha likiwa limeng'aa. Jaduong' anajua haya kuliko mimi. Amehudhuria matanga mengi kuliko mimi. Nadhani huwa hayaoni kwa sababu, kama watu wengi, husikiliza wimbo na kusahau noti iliyouanzisha.

Na si nyatiti tu, wala si Wajaluo tu. Huko Pwani mwenye kitendawili hasemi mpaka aambiwe "tega", na anayeshindwa kukitegua hutoa mji. Mtambaji wa hadithi haanzi bila "paukwa", na "paukwa" peke yake haina maana mpaka "pakawa" iijibu. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alitunga sehemu kubwa ya mashairi yake akijibu: akijibu wapinzani wa watawala wa mji wake, akijibu Lamu, akijibu mabavu ya sultani wa Omani, akijibu jirani aliyemuudhi. Ukiondoa uchokozi katika diwani yake, kitakachobaki ni kidogo. Mwana Kupona aliandika utendi wake yapata mwaka 1858 kwa kuwa alikuwa mgonjwa na alikuwa na binti wa kumwachia maneno. Katika gazeti la Mambo Leo, lililoanza Tanganyika mwaka 1923, mtu wa mji mmoja aliuliza swali kwa ubeti na watu wa miji mingine wakamjibu kwa bahari ile ile na vina vile vile. Hakuna aliyesema hao ni watoto wa shule. Tuliwaita malenga.

Basi imani hii kwamba mtunzi halisi haguswi imetoka wapi? Si kwa babu zetu. Nafikiri imetoka kwenye chumba cha mtihani, na hapa nina la kukiri, maana nilikuwamo ndani yake kwa miaka mingi, nikiwa mwalimu wa Kiswahili huku kusini mwa Nyanza.

Kila aliyefanya KCSE anaikumbuka Karatasi ya Kwanza ya Kiswahili. Maswali manne: la kwanza ni la lazima, kisha unachagua moja kati ya matatu. Kila insha isipungue maneno 400. Kila insha alama 20. Mara nyingi humo hutakosa methali ya kutungia kisa, na hutakosa insha ya kuanzia au kumalizia kwa maneno uliyopewa. Ukivitazama kwa jicho la mtunzi, vile ni vichocheo, tena vizuri. Kumwambia kijana wa miaka kumi na saba atunge kisa kitakachoanza kwa sentensi asiyoichagua ni kumpa mlima wa kuupanda. Methali moja ya Kiswahili ina riwaya tatu ndani yake.

Lakini tulivifanyaje? Tuliwapa watoto ndege wanaotumbuiza na jua linalochomoza kutoka matlai. Tuliwaandikia ubaoni misemo ishirini ya kupamba, tukawaambia wasitoke mtihanini bila kuitumia kumi. Tuliwafundisha kwamba methali hufafanuliwa kwanza, maana ya nje na maana ya ndani, halafu kisa huletwa kama ushahidi mahakamani, kuthibitisha kile ambacho kila mtu anakijua tayari. Katika shule moja niliyofundisha, mwalimu mkuu alinitaka nichape insha tano za mfano na kila mtahiniwa azikariri zote, kisha siku ya mtihani ageuze majina tu. Nilifanya hivyo. Mwaka ule nilisahihisha daftari la msichana mmoja kutoka ufuoni, binti wa mvuvi, aliyeandika juu ya ajali ya mashua, na ndani ya mashua yake walikuwamo "abiria waliokuwa wamejaa furaha ghaya". Nilijua kwamba mjomba wake alikuwa amezama ziwani muhula uliotangulia. Alikuwa na ajali halisi, akaiandika kwa maneno yangu. Nilimpa alama 17, na hadi leo alama zile hazijanitoka kooni.

Kwa hiyo nawaelewa watu wazima wanaokunja uso wakisikia neno kichocheo. Wanasikia kengele ya shule. Wanakumbuka kulazimishwa kusema kwa ustadi kitu wasichokiamini. Ila kosa limewekwa kwenye mlango usio wake. Kilichotuua hakikuwa kupewa mwanzo. Tuliuliwa na kupewa mwisho, kujua kabla ya kuanza kisa kinatakiwa kifike wapi na kiwe kimevaa nini. Kichocheo cha kweli hakijui kitafika wapi, na anayekitoa hajui pia. Siku ile Migori sikujua nani angeandika nini kuhusu mlango wake, ndiyo maana nilitaka kusoma.

Sasa niseme juu ya kukwama kwenyewe, kwa sababu nadhani hapo ndipo tunapoachana kabisa na Jaduong'. Yeye anaamini kwamba aliyekwama ni mtungi mtupu, na mtungi mtupu husubiri mvua. Mimi, katika miaka yote hii, sijakutana na mwandishi aliyekwama kwa kuwa mtupu. Wote niliowaona walikuwa wamejaa mpaka shingoni.

Kijana mmoja mwendesha bodaboda wa Awendo alihudhuria vikao vyetu kwa miezi mitatu bila kuandika mstari. Alitaka kuandika kuhusu kaka yake, aliyefukiwa na udongo katika machimbo ya dhahabu huko Nyatike. Kila Jumamosi alifungua daftari, akaandika jina la kaka yake juu ya ukurasa, akapiga mstari chini yake, basi. Alikuwa na mambo mengi mno: mama yao, deni la kamba na pampu, zebaki inayoshikwa kwa mikono mitupu, mwili uliopatikana siku ya pili, watu waliokuja kula matangani, hasira yake mwenyewe kwa kuwa siku ile alikuwa ameitwa amsaidie kaka, naye hakwenda. Angeanzia wapi? Kila upande aliogusa ulivuta zote nyingine. Jumamosi moja nilimwambia: usiandike kuhusu kaka yako. Andika vitu vilivyokuwa mfukoni mwake. Akanitazama kana kwamba nimemtukana. Kisha akainama. Kurunzi yenye ufa. Shilingi arobaini. Nusu ya pakiti ya biskuti, kwa kuwa alikuwa na mazoea ya kumbakizia mtoto. Ufunguo ambao hadi leo familia haijajua ni wa kufuli gani. Aliandika kurasa nne bila kuinua kichwa, na ufunguo ule ndio aliomalizia nao. Nani hapo alimtafunia nani chakula? Mimi sikujua kuna ufunguo.

Watu wa ziwa wanaielewa kazi hii kuliko wakosoaji wetu. Nendeni Mbita, au Sori, au Muhuru, usiku wa giza. Mtaona taa zimetapakaa majini mpaka mtafikiri kuna mji kule. Ni wavuvi wa omena, wale dagaa wadogo wa Ziwa Viktoria. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, siku hizi nyingi ni za betri na za sola, lakini kanuni ni ile ile: taa inaelea, mwanga wake unawavuta wadudu na omena, samaki wanakusanyika katika duara lile dogo, na wavu unapita chini yao. Mvuvi haketi pwani kusubiri ziwa limpende. Na usiku wa mbalamwezi? Usiku huo taa nyingi hubaki nchi kavu. Mtu asiyejua angedhani mwezi mpevu ni bahati, maana ziwa zima linaonekana. Kumbe hapo ndipo kazi inapoharibika: mwanga uko kila mahali, omena wako kila mahali, hakuna kinachowakusanya.

Mtu anayeketi aandike kuhusu "maisha", kuhusu "mapenzi", kuhusu "nchi yetu", yuko chini ya mbalamwezi. Anaona kila kitu, na wavu wake unapanda mtupu. Yule anayeambiwa aandike vitu vya mfukoni, au mlango mmoja, au kelele ya kwanza anayoikumbuka asubuhi, amepewa taa. Duara ni dogo, na huo udogo ndio wenye kufanya kazi. Samaki ni wake, ziwa ni lake, mkono unaovuta wavu ni wake.

Neno la Kiingereza la kukwama huku, writer's block, lilibuniwa na daktari mmoja wa nafsi, Edmund Bergler, miaka ya 1940, na tangu lipate jina la kidaktari watu wengi wamekuwa kama wagonjwa wodini, wanasubiri kupona ndipo wafanye kazi. Kukwama kulikuwapo kabla ya jina. Mwaka 1816, kando ya ziwa jingine, Geneva, binti wa miaka kumi na minane alikuwa amekwama vibaya sana. Mvua ilikuwa hainyamazi majira yale ya joto, kwa sababu volkano ya Tambora ilikuwa imelipuka Indonesia mwaka mmoja kabla na vumbi lake likafifisha jua hata Ulaya. Wageni wamefungiwa ndani, na mwenyeji wao, mshairi Byron, akatoa agizo ambalo Jaduong' angeliita mchezo: kila mtu atunge hadithi ya mzimu. Kila asubuhi yule binti aliulizwa kama amepata hadithi, na kila asubuhi alijibu, kwa aibu, kwamba bado. Hakuachiwa. Usiku mmoja ikamjia. Kitabu kilitoka mwaka 1818 na kinaitwa Frankenstein, na Mary Shelley mwenyewe alisimulia baadaye habari za zile asubuhi za aibu. Tazameni vizuri: ni kweli ilimjia, kama asemavyo Jaduong'. Lakini ilimjia mtu aliyekuwa anaulizwa kila asubuhi.

Wengine hunitajia Ngũgĩ wa Thiong'o. Nani alimpa Ngũgĩ mada? Haya. Riwaya aliyoiandika mwanzo kabisa, ile tuliyokuja kuijua kwa jina la The River Between, aliiandika akiwa mwanafunzi Makerere kwa ajili ya shindano la East African Literature Bureau, lenye tarehe ya mwisho na lenye zawadi. Tarehe ya mwisho nayo ni noti ya pakruok. Imekatiza muziki na inataka jibu.

Na Grace Ogot wa Asembo, ng'ambo ya ghuba kutoka kwetu, alipoandika hadithi ya Oganda, binti wa chifu anayepelekwa ziwani ili mvua inyeshe, aliandika kisa kilichokuwa kinasimuliwa na wazee kabla hajazaliwa. Kilichapishwa katika jarida la Black Orpheus mwaka 1963. Alipewa mwanzo, naye akaingia katikati na kuuliza alichokuwa anawaza yule msichana njiani. Swali hilo halikuulizwa na mzee yeyote. Ni lake.

Sitaki kudai kwamba kila kichocheo ni kizuri. Vingi ni takataka, na juu ya hili niko pamoja na wapinzani wangu. Kuna orodha zinazozunguka kwenye simu za vijana wetu, vichocheo 365, kimoja kwa kila siku ya mwaka. Nimezisoma. Eleza asubuhi ya theluji. Andika barua kwa chumba chako cha darini. Fikiria umerithi kasri la shangazi yako. Kijana wa Ndhiwa anaketi na kasri la shangazi, anatunga kurasa mbili za Kiswahili safi kabisa ambamo hakuna mtu, hakuna harufu, hakuna deni, na baada ya wiki mbili anaamini kwamba yeye ndiye mwenye kasoro. Hiyo ni taa iliyowashwa kwenye bwawa la mtu mwingine. Mimi namlaumu aliyemgawia, hasa akiwa mwalimu, kwa kuwa kunakili orodha ni uvivu, na uvivu wa mwalimu hulipwa na mwanafunzi.

Kichocheo kinachofaa hutafutwa kwa miguu. Nje kidogo ya Kendu Bay kuna ziwa dogo la magadi, Simbi Nyaima, yaani Simbi iliyozama. Kila mtoto wa huku anajua kisa chake: bibi kizee mchovu alifika kijijini watu wakiwa kwenye sherehe, wakamfukuza, mwanamke mmoja tu akamfadhili, na usiku maji yakaja yakakimeza kijiji. Niliwapeleka watu tisa pale ukingoni, asubuhi, heroe wachache wakiwa upande wa pili. Sikuwaambia waandike kisa cha Simbi. Niliwaambia: kuna mtu wa kijiji kile aliyekuwa ameondoka jana yake kwenda kukopa chumvi, anarudi sasa, na ameshika chumvi mkononi. Andikeni.

Nasikia sana hoja kwamba mada moja huzaa maandiko ya namna moja, kama vitumbua vya kikaangio kimoja. Nawapa hesabu ya siku ile. Mwanamke muuza samaki wa Homa Bay aliandika juu ya mke aliyekuwa amegombana na mumewe na akaitumia chumvi kama kisingizio cha kutoka. Sasa hajui amlilie au amshukuru Mungu. Mwanafunzi mmoja aliandika mtoto anayeonja maji ya ziwa jipya na kukuta yana chumvi tayari. Mzee mmoja, fundi cherehani, aliandika kwamba mwenye chumvi ndiye aliyemfukuza bibi kizee, na kwamba amepona kwa kosa la hesabu za mbinguni. Kijana wa Isebania, Mkuria, alibadilisha kila kitu: mtu wake amerudi kutoka ng'ambo ya mpaka, na watu wa Sirare na watu wa Isebania wote wanamkana, kila upande ukisema yeye ni wa upande wa pili, kwa kuwa kijiji cha kumtambua hakipo tena. Wengine watano sitawasimulia. Hakuna wawili waliofanana. Kilichofanana ni ule mkono wenye chumvi tu, na kila mmoja aliubeba kwa mkono wake.

Nataka pia kuwaambia wanaosema kwamba kazi kubwa hazitoki kwenye mazoezi madogo: mara nyingi ni kweli, ukurasa wa zoezi hubaki ukurasa wa zoezi. Wa yule kijana wa bodaboda haujawa kitabu. Lakini sasa anaandika. Ameandika juu ya mama yake, juu ya pampu iliyokopwa, juu ya ile siku aliyoitwa naye hakwenda. Lile jina lililokaa peke yake juu ya ukurasa kwa miezi mitatu lina watu chini yake.

Ninachokipinga hasa, kwa moyo wangu wote, ni ile heshima ya kimya. Nani ana nafasi ya kungoja? Mtu mwenye mshahara, mwenye chumba chake, ambaye hakuna anayemwita saa kumi na moja alfajiri. Muuza samaki ana saa moja kati ya kufunga kibanda na kuwasha jiko. Akiitumia saa hiyo kungojea, imekwenda. Akipewa taa, anavua. Tukiendelea kuhubiri kwamba utunzi ni wa wale wanaojiwa wenyewe, tutakuwa tumekabidhi fasihi ya Homa Bay na Migori kwa watu wachache wenye jioni ndefu, na mashua, machimbo, miwa na mpaka wa Isebania vitaandikwa na watu waliovipita kwa gari, kama ambavyo mara nyingi vimeandikwa.

Jaduong', nimeyasema haya hadharani kwa kuwa ulinipinga hadharani, na kwa kuwa nakupenda. Uliwahi kuniambia, tukirudi kwa matatu kutoka Rongo, kwamba una riwaya kwenye sanduku la bati. Ulisema ina sura mbili na kipande cha tatu, na ilikwama pale kijana wako anaposhuka kutoka melini Kendu Bay, enzi zile meli zilipokuwa zikifika gatini. Ulisema anasimama gatini na hujui anakwenda wapi. Ulisema unangoja.

Jumamosi ijayo tunakutana tena. Nitainuka katikati ya watu, nitakuja mbele na noti yangu, niiweke miguuni pako, na kila mtu anyamaze. Mimi ni mjukuu wa mfinyanzi wa vyungu, nimetoka upande wa pili wa kilima cha Asego, na nimekulipa kwa haki. Kijana wako ameshuka Kendu Bay. Viatu alivyovaa ni vya nani?